Siku Nilipoukata Wimbo Katikati

Salma mwanangu,

Upo juu unafungasha. Nakusikia unavyofungua kabati na kulifunga, na mimi nimekaa huku chini mezani na karatasi zangu. Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa za tumbo, wala watu wa kupigiwa simu ukifika. Hayo unayajua kunishinda. Nina jambo jingine, na nikilisema kwa mdomo utanijibu kwa Kiingereza upesi upesi, nami nitanyamaza kabla sijafika mwisho. Ndiyo maana naliandika, tena kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, cha vidonge na mashuka ya wazee. Soma polepole. Neno likikushinda litamke kwa sauti, utalielewa.

Kesho unakwenda Mumbai, kwenye studio inayozirudia kwa mtindo mpya nyimbo za zamani za mapenzi za filamu za Kihindi. Najua ulivyoipata nafasi hiyo. Uliwaandikia kisa changu: mama yako aliibiwa sauti, akaichukua tena mbele ya watu mia nne. Uliponisomea barua yako ya maombi nililia, ukadhani nalia kwa furaha. Kila ulichoandika ni kweli. Ila kisa hakijakamilika, na kipande kilichobaki nimekificha miaka sita. Mpaka leo asubuhi nilidhani ninacho mimi peke yangu.

Nianze Tanga, maana huko ndiko nilikojifunza tofauti ya uso na sauti.

Babu yako alikuwa anaendesha mashine ya sinema mjini. Filamu za Kihindi zilifika kwa mikanda, ndani ya masanduku ya bati, na Jumatano mchana ilikuwa shoo ya wanawake. Mimi nilikaa juu naye katika kile chumba cha mashine, jasho likinitoka, nikichungulia kwenye tundu la ukutani. Nyimbo nilizishika kwa sikio kabla sijajua maana ya neno lolote. Mama Jaya, jirani yetu aliyekuwa akishona nguo, ndiye aliyenifafanulia mojamoja huku akikanyaga cherehani. Wimbo nilioupenda kuliko yote alinifafanulia mara nyingi mpaka akachoka. Mwanamke anamwambia mpenzi wake aliyesafiri: nyumba nimefagia, taa nimewasha, aliyebaki ni wewe. Basi, ni hayo tu. Lakini pale kwenye "aliyebaki" sauti inapanda, inapanda tena, unadhani imefika, kumbe bado.

Siku moja babu yako akaniambia kwamba yule mrembo anayelia dirishani haimbi. Anafungua mdomo. Anayeimba ni mwanamke mwingine, amesimama ndani ya studio, pengine amevaa kandambili. Nilikasirika, nikaona nimedanganywa. Akaningojesha hadi shoo iliyofuata, majina yalipoanza kupita mwanzoni mwa filamu, akaniinua mpaka kwenye tundu. "Yule pale," akasema. "Jina lake limeandikwa. Hakuna aliyekudanganya."

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na rimiksi, wala na uso wa mtu mmoja kuvishwa sauti ya mwingine. Nyimbo hizi zilizaliwa hivyo. Wakitaka wazitie ngoma za siku hizi, wamweke kijana wa kufoka katikati, wazifupishe, mimi sijali. Wimbo mzuri hauvunjiki. Nilichojali ni lile jina.

Bwana Harshad unamkumbuka. Mzaliwa wa Moshi, mkazi wa Stanmore huku ughaibuni, mpiga kinanda wa harusi za Wahindi waliotoka kwetu Afrika Mashariki. Alinisikia nikiimba jikoni kwenye sherehe moja, mimi nimeenda kusaidia kupakua chakula, akaniweka kwenye bendi yake wiki hiyo hiyo. Miaka kumi na mmoja niliimba naye, kila mwisho wa wiki niliopata mapumziko kazini. Watu walifurahi. Wazee walinishika mkono wakaniuliza kwa Kiswahili nilizaliwa mtaa gani. Lakini kila mara Harshad alinisimamisha pembeni, nyuma ya spika, na mimi nilijiambia ni kwa sababu ya nyaya.

Kisha akaanza biashara ya rimiksi. Aligeuza gereji yake kuwa studio, akaniomba niuimbe ule wimbo wangu wa "aliyebaki" uwe mwongozo, Priti binti yake ajifunzie, baadaye arekodi yeye. Nilikwenda Jumamosi sita mfululizo. Ya mwisho nilikuwa na kikohozi, na pale juu nilivuta pumzi mahali ambapo mwimbaji hatakiwi kuvuta. Nikamwomba turudie. Akasema haina haja, ni mwongozo tu.

Ulikuwa na mimi siku nilipoisikia ile pumzi. Tupo dukani Rayners Lane, karibu na kituo, nachagua bamia. Ngoma ikapigwa kwenye redio ya duka, kijana akafoka kidogo, halafu nikaingia mimi. Uliniangalia. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, na ulisema neno moja tu, "Mama", kwa Kiswahili, jambo ambalo hukuwa ukilifanya mbele za watu. Muuzaji akatuonyesha video kwenye simu yake kwa furaha. Priti yuko dirishani amevaa sari nyekundu, anafungua mdomo. Jina chini yake ni lake.

Nilikwenda Stanmore jioni ile, bado nimevaa sare ya kazi. Harshad alikuwa gereji anakunja nyaya.

"Sauti ile ni yangu," nikamwambia.

"Ilikuwa mwongozo, dada Rukia. Tulikubaliana."

"Mwongozo ukishaongoza unaondolewa. Wewe umeuacha."

"Priti hafiki pale juu. Amejaribu. Ningefanyaje?" Akaweka nyaya chini, akanisogelea kama mtu anayetaka kunipa pole. "Wewe ni dada yangu, nitakwambia ukweli. Huu ni wimbo wa mapenzi. Watu wanataka kumwona anayepeperusha nywele dirishani. Nani atakutazama wewe?"

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Nilijiona kwenye kioo cha dirisha la gereji, kanzu ya buluu ya kazini, kalamu mfukoni, viatu vya kusimamia siku nzima. Nikataka kumrushia kinanda chake. Badala yake nikasema, "Kweli, kaka. Hukukosea." Akapumua. Akaniuliza kama ningekunywa chai, nikanywa vikombe viwili.

Kisasi changu kilianzia kwenye chai ile, Salma. Wewe ulidhani nilikata shauri siku ya harusi, hasira ikanipanda jukwaani. Hapana. Nilingoja miezi minane. Nilimwimbia Harshad harusi baada ya harusi, nikamchekea, nikamuuliza hali ya mgongo wake. Nilimsifia video. Nikiwageuza wazee vitandani kazini nilikuwa namwaza yeye, nikifua nguo zako namwaza yeye. Sikuteseka. Nataka ujue hivyo, maana watu hupenda kusema kisasi kinamla mwenye nacho. Mimi kilinilisha. Sijawahi kulala vizuri kama miezi ile.

Nafasi ilikuja yenyewe. Harusi kubwa, ukumbi mmoja Harrow, Jumapili mchana, na bibi yake bwana harusi ni mzee wa Dar es Salaam aliyesema waziwazi hataki wimbo wa kanda, anataka mtu aimbe. Familia ilikuwa imemwomba Priti na wimbo wake. Harshad akanipigia simu. Priti atasimama mbele, mimi nitasimama nyuma ya pazia na kipaza sauti changu, yeye atafungua mdomo. "Kama kawaida, dada. Mwongozo." Nikamwambia bila wasiwasi, nitakuwepo.

Hapa sasa ndipo kisa chako na changu vinapoachana.

Jumatatu kabla ya harusi Priti alinitumia ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nimesimama kwenye kibaraza cha kazini. Alikuwa analia, anachanganya Kiswahili cha baba yake na Kiingereza. Alisema, "Anti Rukia, mimi sitaki kufanya hivi tena. Nimemwambia baba, hanisikilizi. Naomba Jumapili nikuite utoke, niwaambie wote kwamba sauti ni yako, kisha uimbe wewe. Nakuomba uniambie ndiyo tu. Peke yangu naogopa." Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Niliusikiliza mara mbili. Nikaufuta.

Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu halipendezi. Kwanza nilijiambia ni mtego wa baba yake. Sikuamini hilo hata dakika moja, sauti ya mtu anayedanganya naijua. Ukweli ni kwamba yule binti alikuwa ananipa kila kitu: jina langu, jukwaa, watu mia nne, na baba yake ameketi pale anaona. Lakini angenipa yeye. Ningetoka nyuma ya pazia nimeshikwa mkono, watu wangepiga makofi, Harshad angetabasamu na kusema alikuwa amepanga iwe hivyo, na mimi ningelazimika kusema ahsante. Sikutaka kupewa. Nilitaka kuchukua, na nilitaka paume.

Kwa hiyo sikumjibu. Jumapili asubuhi nikakuambia uvae gauni lako la kijani tukienda, na wimbo ukianza utoe simu urekodi, usiache hata sekunde. Uliniuliza kuna nini. Nikasema, "Utaona."

Uliyoyaona unayajua, lakini hukuwa nyuma ya pazia. Lilikuwa jepesi, nilimwona Priti kama kivuli ndani ya sari yake. Aligeuka kidogo upande wangu kabla ya muziki kuanza. Alikuwa bado anangoja jibu. Nikaimba ubeti wa kwanza vizuri kuliko nilivyowahi kuimba maisha yangu yote. Nikasikia ukumbi unatulia, hata watoto. Nikapanda kwenye lile neno, nikapanda tena, na pale ambapo watu wote wamesimamisha pumzi, nikanyamaza.

Ngoma iliendelea. Mdomo wa Priti uliendelea. Nilihesabu mpaka saba.

Halafu nikasogeza pazia, nikatoka na kipaza sauti changu, nikamalizia kwa Kiswahili: nyumba nimefagia, taa nimewasha, aliyebaki ni wewe. Nilimwimbia Harshad machoni. Wale wazee wa Dar, wa Mwanza, wa Mombasa wakaelewa kila neno, na yule bibi akasimama. Unakumbuka alivyosimama, na fimbo yake. Ukumbi mzima ukamfuata. Harshad uso ulikuwa mweupe kama unga, na nikasema moyoni, sasa wanamtazama nani?

Raha ile siikani. Bado ninayo. Nikiwa nimechoka, ndani ya basi, naitoa naiangalia.

Lakini aliyesimama mbele ya macho ya watu alikuwa Priti. Ulipoiweka video ukaandika juu ya uso wake, kwa Kiingereza, mwizi wa sauti. Nilikuona ukiandika. Nilikuwa nimekaa kando yako kwenye kochi, ukanionyesha kabla hujaituma, ukauliza, "Ni sawa?" Na mimi niliyeusikia ule ujumbe, niliyejua kwamba hakuwa mwizi, nikakuambia ni sawa.

Unakumbuka video ilivyosambaa. Hukusoma maoni yote kwa sababu nilikukataza. Mimi niliyasoma. Walimtukana sura, ukoo, kila kitu. Siku ya nne akaja mlangoni kwetu, wewe uko shule. Hakuwa amechana nywele. Aliniuliza jambo moja. "Anti, ulipata ujumbe wangu?" Nikamwambia simu yangu iliharibika wiki ile. Akasema, "Sawa, anti," akashuka ngazi. Baada ya hapo hakuimba tena popote.

Na baba yake? Hakuna alichopoteza. Aliwaambia watu kwamba mimi nina wivu, na kwamba binti yake mwenyewe hana kipaji, hivyo hivyo, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ametoa rimiksi nyingine na msichana mwingine. Mimi ndiye niliyeachwa na bendi zote, maana hakuna anayetaka kwenye harusi yake mwimbaji anayeweza kunyamaza katikati. Nilipanga miezi minane kumwangusha mtu mmoja, na yeye peke yake ndiye aliyebaki amesimama.

Leo asubuhi mkono wa miwani yangu ulikatika, nikaingia duka la miwani pale Kenton. Aliyetoka nyuma kunihudumia alikuwa Priti, na beji ya jina kifuani. Nilitaka kugeuka. Akanivutia kiti.

"Karibu, anti. Nimeona Salma anakwenda Mumbai. Hongera."

Nikashukuru. Akachukua miwani, akaanza kuitengeneza na bisibisi ndogo. Bila kuinua uso akaniuliza, "Ule ujumbe wangu uliusikiliza?"

"Nilikwambia, mwanangu. Simu iliharibika."

"Simu yangu iliniambia vingine. Mtu akisikiliza ujumbe wa sauti, kile kialama cha kipaza sauti kinageuka buluu. Kiligeuka Jumatatu ile ile."

Nilimuuliza, kama mjinga, "Miaka sita ulijua?"

"Tangu kabla hujatoka nyuma ya pazia. Pale mlangoni kwenu nilitaka tu kuona utasema nini."

"Mbona hukuwaonyesha watu? Walivyokutukana, ungewaonyesha."

"Siku zile hakuna ambaye angenisikiliza." Akafuta vioo vya miwani, kimoja, kisha cha pili. "Baadaye nikaona bora nisubiri siku itakayokuuma zaidi. Salma anakisimulia kila mahali kisa chako, anti. Nimemwandikia. Ujumbe ninao hapa, na ule wa sauti pia. Nitautuma akishafika Mumbai, siku yake ya kwanza studio." Akanivisha miwani, akaangalia kama imekaa sawa masikioni. "Unaweza kumwambia mwenyewe kabla ya hapo. Sikukatazi."

Sikumwomba asitume. Ningeombaje? Nilimtazama yule binti mpole aliyekuwa akilia kwenye simu, anaongea taratibu, anatabasamu kikazi, na nikajua tabasamu lile limetoka wapi. Miezi minane nililivaa mimi. Yeye amelivaa miaka sita.

Nikamwambia, "Nilisikiliza mara mbili." Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Najua," akamwita mteja aliyefuata.

Sikuandikii nikufundishe kwamba kisasi ni kibaya. Ningekuwa mwongo, na mwongo nimekuwa vya kutosha. Harshad simsamehei, na usije siku moja ukanisihi nimsamehe kwa sababu amezeeka. Kama siku ile ingerudi, ningenyamaza tena pale pale kwenye neno lile. Ila ningemjibu Priti kwanza. Ningemwambia ndiyo, mwanangu, niite nitoke, halafu tungemtazama baba yake wote wawili. Jibu lenyewe lilikuwa neno moja, na nililikataa kwa sababu lingenipunguzia utamu.

Jambo la pili ni lako. Maneno yale kwenye video uliyaandika ukiwa na miaka kumi na sita, na mama yako kando akikuambia ni sawa. Mzigo wake usiubebe wewe. Ni wangu, niliupanga tangu nilipokuambia uvae gauni la kijani. Nilikutumia, Salma. Nilihitaji mtu wa kushika simu na nikamchagua mwanangu.

Huko unakokwenda utakaa mbele ya mashine, na sauti za watu zitapita mikononi mwako, za waliokufa na za walio hai wanaoitwa mwongozo. Utajua la kufanya, una sikio na una moyo. Kile kisa ulichowapa ili wakuchukue, sijui utakifanya nini sasa. Waweza kuwaambia kilichobaki, waweza kunyamaza. Sitakuchagulia, nilishakuchagulia mara moja.

Nilifikiri kuitia barua hii ndani ya begi lako uikute ukiwa kwenye ndege. Nimekataa. Huko juu ungekuwa huna wa kumfokea, nami ningekuwa nimejificha tena. Naipandisha sasa hivi, naiweka mkononi mwako, kisha nitasimama nje ya mlango wa chumba chako. Ukimaliza kusoma, fungua. Lugha yoyote utakayonijibu nayo, safari hii nitasikiliza mpaka mwisho.

Mama yako,
Rukia